Mashine Inayojizima Haijafa

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu hifadhidata, lakini Alhamisi jioni nikapigiwa simu na mtoto wa shangazi yangu aliye Mombasa, na tangu hapo kichwa kimejaa joto tu. Hifadhidata zitangoja.

Ndugu yangu huyu ana kibanda cha gemu kule Kisauni. Ni chumba kimoja, mashine nne, viti vya plastiki, na vijana wanaolipa kwa saa. Mashine tatu ni za kawaida. Ya nne ndiyo yenye kadi kubwa ya grafiki, na kusema kweli ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Aliinunua Nairobi mwezi uliopita kutoka kwa mtu aliyekuwa ameitumia miaka mitatu, na mimi ndiye niliyetumwa kuikagua. Niliichezea saa mbili nzima sebuleni kwa muuzaji, haikukohoa hata mara moja. Nikampigia nikamwambia, chukua. Kufika Mombasa ikaanza vituko: dakika ishirini au thelathini za mchezo, skrini nyeusi, kimya. Ukiiacha ipoe inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kaka, fundi amesema bodi kuu imekufa," akaniambia. "Anataka elfu kumi na nne. Na kadi nayo anasema iko njiani, heri niiuze ingali na bei."

"Umepima joto?"

"Joto la nini? Feni zote zinazunguka."

Chama chao kilikuwa kinakutana Jumapili, naye alikuwa ameshajiandikisha kukopa Sh 45,000 za bodi na kadi nyingine ya mitumba. Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili, yeye Kisauni na mimi Nairobi, na simu katikati.

Nitawasimulia tulichofanya, lakini siwezi kukieleza vizuri bila kurudi nyuma miaka mingi, kwa sababu kila hatua tuliyopiga ilikuwa imeshalipiwa na mtu mwingine zamani. Hasa hili la kujizima. Watu wengi wakiona kompyuta imezima katikati ya gemu huidhania maiti. Mara nyingi ni kinyume chake: ni mashine iliyofundishwa kujiokoa. Na kuna wakati mashine hazikujua kujiokoa.

Tuanze 1981. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mtu binafsi ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda megahezi 4.77, na prosesa hiyo ilikaa juu ya bodi uchi kabisa, bila feni, bila kipande cha chuma cha kuipoza. Feni ilikuwa ndani ya pawa saplai tu, na pawa saplai hiyo ilikuwa ya wati 63.5. Za mashine nzima! Leo prosesa moja kubwa ya gemu hula mara tatu ya hizo peke yake, na kadi ya grafiki bado hujaihesabu.

Joto hili linatoka wapi? Ndani ya chipu, transista zinawaka na kuzima, na kila zikifanya hivyo umeme kidogo unageuka joto. Hesabu yake ni fupi: joto linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti linapanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10, joto linaongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, joto linaongezeka kwa asilimia 21. Shika hiyo ya volti, tutaihitaji.

Mwaka 1974 mhandisi wa IBM aitwaye Robert Dennard na wenzake walionyesha kwamba ukizidi kuipunguza transista, unaweza kuipunguzia na volti pia, hivyo chipu ya ukubwa uleule itabeba transista nyingi zaidi, ziende kasi zaidi, na joto lisizidi. Ni kama kuambiwa unaweza kuongeza abiria kwenye matatu na mafuta yasiongezeke. Sekta nzima ilijengwa juu ya ahadi hiyo. Dennard alifariki mwaka 2024, na nadhani watu wachache sana nje ya fani yetu walijua wanamdai asante.

Hata hivyo, volti hazikushuka upesi kama nadharia ilivyotaka. Pentium ya kwanza ya 1993 bado ilitumia volti 5, na ile ya megahezi 66 iliweza kufika wati 16. Leo wati 16 ni kichekesho, lakini kwa wakati ule ilikuwa jiko. Kipozeo, yaani lile pande la alumini au shaba lenye mapezi, likawa kitu cha lazima, na feni ikapandishwa juu yake. Mwaka uliofuata Intel wakashusha volti hadi 3.3, Pentium ikafika megahezi 100 na joto likapungua. Dennard alikuwa sahihi. Upande wa grafiki, kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx, iliyowapagawisha wachezaji mwaka 1996, haikuwa na feni wala kipozeo. Miaka mitatu baadaye feni zilikuwa zimeanza kuzoeleka huko nako.

Sasa tufike penye moshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 AMD na Intel walikuwa wakikimbizana kwa gigahezi, na wachezaji wa gemu walikuwa mashabiki kama wa kandanda. Septemba 2001 tovuti ya Tom's Hardware, iliyoanzishwa na daktari wa tiba Mjerumani aitwaye Thomas Pabst, ikatoa video iliyozungushwa kila mahali. Walichukua prosesa nne, mbili za Intel na mbili za AMD, wakaziendesha na mchezo wa Quake III Arena, kisha katikati ya mchezo mkono ukang'oa kipozeo. Basi. Jaribio lenyewe ni hilo.

Pentium 4 ya gigahezi 2 ilianza kukokota miguu. Mchezo ukawa unaruka ruka, lakini uliendelea, na kipozeo kiliporudishwa kasi ikarudi. Pentium III iliganda, na haikuharibika. Zile mbili za AMD, Athlon ya gigahezi 1.4 na Athlon MP, zilitoa moshi na kufa papo hapo.

Unaweza kusema hakuna mwenye akili timamu anayeng'oa kipozeo mashine ikiwa inawaka. Ni kweli. Lakini feni husimama, na klipu za plastiki huvunjika, hasa mashine inaposafirishwa kwa basi. Kilichoonekana kwenye video ile si ubora wa kampuni moja juu ya nyingine. Kilichoonekana ni mahali pa kuweka kihisi cha joto. Ndani ya Pentium 4, kihisi kilichongwa kwenye silikoni yenyewe na kuunganishwa moja kwa moja na saa ya prosesa. Joto likizidi, prosesa inaruka mapigo yake yenyewe, na hali ikiwa mbaya zaidi inaagiza umeme ukatwe. Haiombi ruhusa ya bodi wala ya Windows. Ile Athlon ya gigahezi 1.4 haikuwa na kihisi ndani. Bodi nyingi za wakati ule ziliipima kwa kihisi kidogo kilichosimama katikati ya soketi, chini ya prosesa. Hiyo ni sawa na kupima homa ya mtoto kwa kugusa godoro. Athlon MP ilikuwa na kihisi ndani, lakini kazi ya kukisoma na kuchukua hatua waliachiwa watengenezaji wa bodi, na bodi iliyotumika haikuwahi. Chipu isiyo na kipozeo hupanda joto kwa kasi ya ajabu. Mjumbe akichelewa sekunde moja anakuta msiba.

AMD walijifunza. Athlon 64 ilipotoka mwaka 2003 ilikuja na ulinzi wa kujikata umeme ndani yake. Tangu hapo karibu kila prosesa na kila kadi ya grafiki ina tabia mbili: kwanza hupunguza kasi, halafu, ikishindikana, hujizima.

Kwa hiyo ndugu yangu aliponiambia mashine inazima na baadaye inawaka vizuri, dhana yangu ya kwanza haikuwa kifo. Bodi iliyokufa haiwaki tena kila ikipoa. Ila nisingeweza kuapa ni joto, kwa sababu pawa saplai mbovu pia huzima mashine ghafla wakati kadi inadai umeme mwingi. Dalili kwa nje ni ileile. Tofauti iko kwenye dakika za mwisho kabla ya kuzima. Nikamwambia aweke HWiNFO, programu ya bure inayosoma vihisi vyote, aiwashe iandike kwenye faili kila sekunde mbili, kisha acheze mpaka izime. Mashine ikifa, faili inabaki.

Ijumaa asubuhi nikaipata kwa WhatsApp. Nilienda moja kwa moja kwenye mistari ya mwisho. Prosesa nyuzi 74, haina neno. Kadi ya grafiki, kihisi cha kawaida, nyuzi 88. Kadi hiyohiyo, mahali penye joto kali kuliko pote ndani ya chipu, nyuzi 116. Na nilipopanda juu kidogo nikaona kitu kilichonifanya nicheke peke yangu ofisini: kasi ya kadi ilikuwa imeshuka polepole kutoka megahezi 1,800 hadi 1,100 katika dakika sita za mwisho. Ilikuwa ikikokota miguu kama ile Pentium 4 ya 2001. Iliomba nafasi ya kupumua, ikanyimwa, ikajizima. Pawa saplai ikikata, hakuna mteremko wa namna hiyo. Mambo yote yako sawa, halafu faili inaisha.

Bodi kuu ikaachiliwa huru. Sh 14,000 zimeokoka. Lakini bado hatukujua kwa nini kadi inachemka.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu namba zenyewe, maana kuna watu wanaogopa namba yoyote inayozidi 80. Namba peke yake haisemi mengi. Mwaka 2019 AMD walitoa maelezo rasmi kwamba kadi za RX 5700 kufika nyuzi 110 katika sehemu yake ya moto zaidi ni jambo walilolitarajia. Prosesa za Ryzen 7000 za mwaka 2022 zilitengenezwa kwa makusudi zipande hadi 95 zinapopewa kazi nzito na zikae hapo, zikijisukuma mpaka ukingoni. Kinachosema mengi ni tofauti: kati ya kihisi na kihisi, kati ya jana na leo, kati ya kifuniko kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi. Kwa kadi yake, tofauti kati ya 88 na 116 ni nyuzi 28. Kadi nyingi zenye afya hukaa kati ya 10 na 20.

Nikamwambia pia aache kabisa kuichezesha mpaka izime. Alishangaa, "Si umesema inajiokoa?" Inajiokoa, ndiyo, lakini kuna deni linalojilimbikiza, na hapa lazima nitaje taulo.

Xbox 360 ilitoka mwishoni mwa 2005, na muda si mrefu zikaanza kufa kwa wingi, taa tatu nyekundu zikiwaka mbele. Julai 2007 Microsoft wakatangaza dhamana ya miaka mitatu kwa tatizo hilo na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za kulibeba. Wakati huohuo wachezaji walikuwa na tiba yao: funga mashine kwa taulo, iwashe, iache ichemke dakika kadhaa, kisha iondoe. Na ajabu, wengine ziliwaka tena! Kwa siku chache. Mwaka 2021 Microsoft wenyewe wakaeleza katika filamu ya historia ya Xbox kwamba viunganishi vidogo ndani ya vijenzi vilikuwa vikikatika. Chanzo hakikuwa joto kali pekee, kilikuwa ni kupata moto na kupoa, moto na kupoa, chuma kikitanuka na kusinyaa kila mtu alipowasha na kuzima. Taulo lilikuwa likivitanua viunganishi mpaka vikagusana kidogo. Yaani tiba ilikuwa ugonjwa uleule kwa dozi kubwa. Nvidia nao Julai 2008 walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa namna hiyohiyo. Ukimwona mtu anaoka kadi ya grafiki kwenye oveni ya jikoni, ujue ni mjukuu wa taulo. Ndugu yangu alikuwa ameishusha na kuipandisha kadi yake kati ya nyuzi 30 na 116 mara tatu nne kila siku kwa wiki tatu.

Sasa niseme jambo linalonigusa mimi na wenzangu wa kuandika programu.

Mwaka 2010 StarCraft II ilipotoka, watu walilalamika kadi zao zinachemka wakiwa kwenye menyu tu, kabla hata vita havijaanza. Menyu ilikuwa nyepesi na hakuna aliyeiwekea kikomo cha fremu, kwa hiyo kadi ilikuwa ikiichora picha ileile mamia ya mara kwa sekunde, kwa nguvu zake zote, bila faida. Blizzard wakakiri na kutoa mistari miwili ya kuongeza kwenye faili ya mipangilio ili kuweka kikomo. Ungedhani somo limeeleweka. Julai 2021, majaribio ya mchezo wa New World wa Amazon yakaua kadi kadhaa za RTX 3090. Amazon wakaweka kikomo kwenye menyu. Baadaye EVGA, waliotengeneza kadi nyingi kati ya hizo, wakasema kundi dogo lilikuwa na ulehemu mbaya. Nawaamini wote wawili. Udhaifu ulikuwa kwenye kadi, na menyu ndiyo iliyoutafuta mpaka ikaupata.

Nikamuuliza ndugu yangu skrini yake ni ya hezi ngapi. 60. Na mchezo unaonyesha fremu ngapi? 140 na zaidi. Basi fremu 80 kila sekunde zilichorwa na kutupwa, joto lake likabaki chumbani Kisauni. Akaweka kikomo cha 60. Ijumaa usiku mashine haikuzima. Sehemu ya moto ilisimama kwenye 104. Yeye alikuwa tayari kusherehekea. Mimi sikuwa tayari.

Kikomo kile kilitibu dalili. Kilipunguza moto chini ya sufuria, hakikueleza kwa nini sufuria inaungua. Na hapa nilipata msaada kutoka kisa cha juzi juzi ninachokipenda sana.

Desemba 2022 AMD walianza kuuza RX 7900 XTX, na baadhi ya kadi walizozitengeneza wenyewe zilikuwa zikigonga nyuzi 110 na kukokota. Kila mtu alikuwa na nadharia: pesti mbaya, skrubu hazijakazwa, kesi haina hewa. Mjerumani mmoja anayejulikana kama der8auer, jina lake Roman Hartung, alizikusanya kadi zenye tatizo kutoka kwa wenyewe na kuzijaribu moja moja. Jaribio lililofungua kila kitu lilikuwa rahisi mno: aligeuza kadi. Ikisimama wima ilikuwa nafuu. Ikilala jinsi inavyolala kwenye kompyuta nyingi, joto lilipanda. Na ukiirudisha wima wakati ikichemka, haikupona. Pesti haijui juu wala chini. Skrubu hazijui. Kinachojua juu na chini ni maji, na ndani ya kipozeo cha kadi ile kuna chumba bapa cha shaba kilichofungwa, chenye maji kidogo yanayochemka upande wa chipu, mvuke ukaenda upande wa mapezi, ukapoa, maji yakarudi. Januari 2023 AMD wakathibitisha: kundi dogo la vyumba hivyo lilikuwa na maji pungufu.

Alibadilisha kitu kimoja, vingine vyote akaviacha vilivyo, akatazama namba. Sisi hatukuwa na maabara, lakini tulikuwa na bisibisi.

Jumamosi asubuhi jaribio la kwanza: fungua kifuniko cha pembeni, cheza nusu saa, tazama. Kama kesi inabana hewa, joto litashuka vizuri. Likashuka nyuzi 3 tu. Hewa ya kesi si mshtakiwa mkuu. La pili: piga brashi vumbi kwenye mapezi ya kadi, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke kama tiara. Vumbi lilikuwepo, na joto likashuka nyuzi 2 nyingine. Haya, kama hewa inapita na mapezi ni safi, basi joto halifiki kwenye mapezi. Ile tofauti ya nyuzi 28 ilikuwa imeshatuambia hivyo tangu mwanzo: sehemu moja ya chipu haikuwa imegusana sawasawa na chuma. Pesti.

Lakini kwa nini Nairobi haikuzima? Swali hili lilinisumbua usiku, na jibu lake linaniaibisha. Kipozeo cha hewa hakiwezi kupoza chini ya hewa ya chumba. Kinachoongezeka kwenye chumba kinaongezeka kwenye chipu, karibu nyuzi kwa nyuzi. Sebule ile ya Nairobi ilikuwa kama nyuzi 21. Chumba cha Kisauni kikiwa na vijana kumi na mabati juu ni 32. Ukitoa 11 kwenye 116 unapata 105. Maana yake kadi ilikuwa imeshakuwa mgonjwa mikononi mwangu, ikijikaza tu, na mimi nilikuwa natazama kama mchezo unakwenda. Sikufungua programu hata moja ya kupima. Msomi mwenye digrii!

Kuna historia moja zaidi hapa, ambayo nikiwa chuoni hakuna aliyenisimulia. Februari 2001, kwenye mkutano wa ISSCC huko San Francisco, Pat Gelsinger wa Intel aliwaonyesha wahandisi kwamba chipu zikiendelea vile zilivyokuwa zikienda, kwa kila sentimita ya mraba zingefikia joto la kinu cha nyuklia kufikia 2005, bomba la roketi 2010, na uso wa jua 2015. Kampuni yake ikaendelea na mbio. Februari 2004 wakatoa Pentium 4 iitwayo Prescott, transista zake ndogo kuliko za iliyotangulia. Kwa ahadi ya Dennard ilipaswa kuwa baridi zaidi. Ikawa moto zaidi, na wachezaji wakaibatiza PresHot. Transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volti haikuweza kushushwa tena kama zamani. Ile hesabu ya kipeo cha pili iliyokuwa rafiki ikaacha kusaidia. Mei 2004 Intel wakafuta mrithi wake, Tejas. Oktoba wakafuta Pentium 4 ya gigahezi 4, na mwezi huohuo mkuu wao Craig Barrett akapiga magoti jukwaani huko Orlando, nusu utani, kuomba radhi. Iliishia gigahezi 3.8 na wati 115. Julai 2006 walikuja na Core 2 Duo ya wati 65, ya ukoo uliobuniwa Haifa kwa ajili ya kompyuta za mkononi, mahali ambapo hakuna nafasi ya feni kubwa. Ilikwenda polepole kwa gigahezi, ikazishinda zote kwa kazi.

Mwaka 2005 Herb Sutter aliandika kwamba chakula cha bure kimekwisha: programu zetu hazitapata tena kasi kwa kungoja prosesa mpya, itabidi tuzigawe zifanye kazi sambamba. Somo la nyuzi za programu lililonitoa jasho mwaka wa tatu chuoni, na mapungufu yake yanayonikosesha usingizi kazini mpaka leo, lilizaliwa na joto. Nilikuwa darasa la kwanza wakati Barrett anapiga magoti.

Turudi Kisauni. Jumamosi usiku, kibanda kimefungwa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda, ndugu yangu akafungua skrubu nane za kadi. Nilimwambia apige picha kila hatua na aziweke skrubu kwa mpangilio. Zile pedi laini zinazokaa juu ya memori asiziguse kama hazijachanika, kwa sababu ukiweka nyembamba au nene kupita kiasi chuma hakitakaa sawa juu ya chipu. Kipozeo kilipoinuka, alinyamaza kidogo.

"Kaka, imekuwa kama chaki."

Pesti ilikuwa imekauka, na pembe moja ya chipu ilikuwa tupu kabisa, inang'aa kama kioo. Akaifuta kwa alkoholi safi na kitambaa kisichotoa manyoya, akapaka mpya. Kwenye prosesa yenye kofia ya chuma, punje ya njegere inatosha katikati. Chipu ya kadi iko uchi, kwa hiyo unapaka uso wote kwa utando mwembamba. Skrubu akazikaza kwa kukingamana, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu. Bomba la pesti lilimgharimu Sh 600.

Saa tano na nusu usiku mchezo ukawashwa, bila kikomo, kifuniko kimefungwa. Dakika arobaini: 79 kwa 95. Tofauti nyuzi 16. Akarudisha kikomo cha 60, ikashuka hadi 86 kwenye sehemu ya moto, na feni zikatulia mpaka tukaanza kusikia mbu.

Jumapili alienda chamani akafuta jina lake kwenye Sh 45,000. Badala yake alikopa Sh 4,000 za feni mbili, moja ya kuingiza hewa na nyingine ya kuitoa juu ya mlango, kwa sababu chumba chenyewe bado ni 32.

Jumatatu akapiga tena.

"Kaka, ile mashine ya pili nayo imezima."

"Umepima joto?"

"Nimepima. Sehemu ya moto sitini na nane, halafu faili imekatika."

"Kasi ilikuwa imeshuka?"

"Haikushuka."

Nikamwambia aazime pawa saplai ya mashine ya tatu.